Mbio za Upesi na Mbio za Pumzi

Mganga akimwambia mtu mwenye damu kupanda, au mwenye ugonjwa wa sukari, ya kuwa afanye mbio kidogo kwa ajili ya afya yake, mara nyingi mtu huyo hurudi baada ya juma moja akinung'unika. "Nilijaribu, Bwana Mganga. Nilitoka nyumbani asubuhi nikakimbia, lakini kabla ya kufika darajani pumzi ilinikwisha, moyo ulipiga kama ngoma, na miguu ilikataa. Mimi si mtu wa mbio." Tukimwuliza, "Ulikimbia namna gani?" yeye hushangaa. "Nilikimbia kama watu wanavyokimbia!" Maana yake, alikimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Ndugu huyo alifanya kazi nyingine, siyo ile aliyoambiwa. Kuna mbio za namna mbili. Mbio za upesi ni zile za mita 100 au 200, mtu anapotoa nguvu zake zote kwa mara moja. Mbio za pumzi ni zile za nusu saa, za saa moja au zaidi, mtu anapokwenda polepole bila kusimama. Katika lugha yetu neno ni moja tu, kukimbia, lakini ndani ya mwili kazi hizi mbili hazifanani. Hutumia nguvu za akiba mbalimbali, tena mtu aweza kuwa hodari katika moja na dhaifu kabisa katika nyingine.

Watu wengine watadhani ya kuwa habari hii ni ya wachezaji wa mpira tu. Sivyo. Tofauti hii hutusaidia hata kutambua magonjwa, kama tutakavyoona.

Moto wa majani na moto wa makaa

Mama akiwasha majani makavu chini ya chungu, moto huruka juu mara moja. Lakini maji hayajapata hata uvuguvugu, na majani yamekwisha. Makaa ni mbalimbali. Hukawia kushika, yataka kupepewa, lakini yakisha kushika hupika maharage mpaka yaive. Mwili wa mtu una mioto hiyo yote miwili.

Ndani ya misuli, yaani zile nyama zinazosogeza mifupa yetu, kuna akiba ndogo ya nguvu iliyo tayari kabisa. Haingoji hewa wala chakula. Nyoka akitokea njiani, au mtoto akikimbilia barabarani mbele ya gari, akiba hii hutumika papo hapo. Lakini ni ndogo sana. Mtu akikimbia kwa nguvu zake zote, inakaribia kwisha kabla ya sekunde kumi. Wakati huo misuli huvunja sukari kwa haraka, pasipo kungoja hewa, na kwa njia hii mtu aweza kwenda kwa nguvu nyingi kwa muda wa dakika moja hivi. Lakini gharama yake ni kubwa. Misuli huingiwa na ukali kama wa ndimu, mapaja huwaka, na miguu huwa mizito kama imefungiwa mawe. Hapo ndipo ndugu yetu alipofika darajani.

Moto wa makaa ndio ule unaotumia hewa. Tunapovuta pumzi, sehemu ya hewa inayoitwa oksijeni huingia katika mapafu, damu huipokea, moyo huisukuma mpaka katika misuli, na huko sukari na mafuta ya mwili huchomwa taratibu. Moto huu waweza kudumu saa nyingi. Ila hukawia kushika: moyo na mapafu huhitaji dakika mbili au tatu kabla ya kufikia mwendo wa kazi. Ndiyo sababu dakika za kwanza za mbio huwa ngumu hata kwa mtu aliyezoea. Asiyejua jambo hili hudhani ameshindwa, akarudi nyumbani wakati ule ule makaa yalipokuwa yakianza kushika.

Mkimbiaji wa mita 100 hangoji moto wa pili. Mbio zake zinakwisha moyo bado unajitayarisha. Mtazameni: hahemi sana anapokimbia, bali akisha kumaliza huinama, ameshika magoti, akivuta pumzi kwa nguvu. Analipa deni.

Tazameni nyama ya kuku

Siku mnapochinja kuku, tazameni nyama yake kabla ya kuipika. Nyama ya paja ni nyekundu, na nyama ya kifua ni nyeupe. Kwa nini? Kuku hutembea na kuchakura mchana kutwa, kwa hiyo miguu yake imejengwa kwa kazi ya kudumu. Lakini mabawa huyatumia tu mwewe akishuka au mtoto akimfukuza, naye huruka hatua chache, akaanguka chini. Sasa pasueni kifua cha njiwa. Ni chekundu, maana njiwa huruka mbali. Nyama nyekundu ina mishipa midogo mingi ya damu na hutumia hewa vizuri. Ni nyama ya pumzi. Nyama nyeupe ni ya upesi.

Kwa mtu nyama hizi hazikutengwa hivi. Katika paja moja nyuzi za namna mbili zimechanganyika pamoja, na kwa watu wengi zinakaribia kuwa nusu kwa nusu. Lakini wengine wamezaliwa na nyuzi nyingi za upesi, na wengine na nyuzi nyingi za pumzi. Mazoezi hukuza zote mbili na kubadili tabia zao kidogo, lakini hayawezi kumgeuza kila mtu awe kila kitu. Kwa hiyo katika nyumba moja ndugu mmoja hushinda katika mbio za uwanja wa shule, na mwingine, ambaye huachwa nyuma kila mara, ndiye anayeweza kusukuma chukudu yenye mzigo mchana kutwa.

Tena miaka ikiongezeka, nyuzi za upesi hukonda na kupungua mapema kuliko zile za pumzi. Ndiyo maana mzee hawezi tena kumkamata mbuzi wake, lakini aweza kutembea toka kijiji hata kijiji, na mjukuu akamfuata nyuma akilalamika.

Watu wawili wanaojulikana

Mwaka 2009, mjini Berlin, Usain Bolt wa Jamaika alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Mwaka 2023, mjini Chicago, Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni, yaani kilometa 42 na mita 195, kwa saa 2 na sekunde 35. (Kijana huyu alikufa katika ajali ya gari mwezi wa pili wa mwaka 2024, akiwa na miaka 24.)

Ukigawanya muda wa Kiptum, utaona ya kuwa kila mita 100 aliipita kwa sekunde 17 na kidogo. Sasa, sekunde 17 kwa mita 100 si ajabu. Pimeni uwanja wa shule, waiteni vijana wa sekondari, na wengi wao watafanya hivyo, hata bila viatu. Mwambieni kijana mmoja arudie mara ya pili pasipo kupumzika, na ya tatu, na ya nne. Karibu wote watakuwa wameketi chini kabla ya mara ya kumi. Kiptum alifanya hivyo karibu mara 422, moja juu ya nyingine. Upesi wake kijana anao. Kinachomkosa ni pumzi.

Na Bolt mwenyewe je? Siku ile ya Berlin, mita 20 zilizo kati ya mita ya 60 na ya 80 alizipita kwa sekunde 1.61, na mita 20 za mwisho kwa sekunde 1.66. Hata mtu huyo, katika siku yake iliyo kuu kuliko zote, alikuwa amekwisha kuanza kupunguza mwendo kabla ya kufika. Hakuna mtu awezaye kuzidanganya sekunde kumi zile.

Mexico, mwaka 1968

Yako mashindano yaliyoonyesha tofauti hii wazi kuliko kitabu cho chote. Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika katika mji wa Mexico, ulio juu ya bahari kwa mita 2,240 hivi. Katika mahali pa juu kama hapo hewa ni nyepesi. Haimzuii sana mtu anayeipasua kwa upesi, lakini kila pumzi huleta oksijeni kidogo kuliko kule chini.

Wenye mbio za upesi walifurahi. Jim Hines wa Marekani alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.95, naye alikuwa mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde kumi kwa saa ya umeme. Lakini katika mita 10,000 mambo yaligeuka. Ron Clarke wa Australia alikuwa na rekodi ya dunia, dakika 27 na sekunde 39.4, aliyoiweka mwaka 1965. Mexico alifika wa sita, akaanguka mwishoni, ikawa lazima apewe oksijeni. Aliyeshinda ni Naftali Temu wa Kenya, mtu wa milima ya Kisii, na wa pili ni Mamo Wolde wa Ethiopia, naye pia wa nchi ya juu. Hata hivyo Temu mwenyewe alitumia dakika 29 na sekunde 27.4. Mshindi alichelewa karibu dakika mbili kuliko rekodi, na sababu ilikuwa hewa.

Sisi pia tunaliona jambo hili. Mtu wa Kisangani akija kukaa Butembo, majuma ya kwanza huhema akipanda kilima ambacho watoto wa hapo hupanda wakicheka. Asiogope. Polepole mwili wake utatengeneza damu zaidi. Lakini mkimwambia akimbie hatua thelathini tu, atakimbia kama alivyokimbia kwao.

Mtoto anayeitwa mvivu

Sasa tumefika kwenye jambo linalotugusa sana hospitalini. Ikiwa mbio za upesi hazingoji hewa, basi mtu mwenye upungufu wa damu aweza bado kukimbia hatua chache vizuri. Upesi huficha ugonjwa. Pumzi huufunua.

Mama huja akisema, "Mwanangu huyu ni mvivu. Akiona mpira hukimbia kama swala. Lakini nikimtuma mtoni huketi njiani mara tatu, na shambani hulala chini ya mti." Baba amekwisha kumchapa. Mama, usimchape tena kabla ya kumtazama. Fungua kiganja chake, ukiweke karibu na kiganja chako. Vuta chini kidogo ngozi iliyo chini ya jicho lake, uone rangi ya ndani. Tazama na ulimi. Kama pamekuwa peupe, mtoto huyu si mvivu. Damu yake ni chache, haiwezi kubeba hewa ya kutosha, na moto wa makaa unazimika kila mara. Mbio za mpira alizifanya kwa majani makavu.

Mara nyingi sababu ni safura. Mayai ya minyoo hii hutoka katika choo cha mtu kilichotupwa ovyo, huanguliwa katika udongo wenye unyevu, na minyoo michanga hupenya ngozi ya miguu isiyo na viatu. Ikifika matumboni hujishikiza na kunywa damu, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi. Sababu nyingine ni malaria inayorudi tena na tena, maana kila homa huharibu damu. Na chakula kisicho na maharage, sombe, nyama wala samaki. Kwa wanawake, ni damu nyingi ya mwezi, au damu iliyopotea wakati wa kuzaa. Tone moja la damu kutoka kidoleni hutosha kwa kupima. Dawa ya minyoo na vidonge vya chuma si vya bei kubwa. Choo chenye shimo na viatu ndivyo vinavyozuia minyoo isirudi.

Kuna watoto na vijana wengine ambao damu yao ni nzuri, lakini moyo una shida. Pengine miaka iliyopita mtoto aliumwa koo, kisha viungo vikavimba, kisha akapona, na watu wakasahau. Ugonjwa ule waweza kuacha kovu katika milango midogo ya moyo. Kijana huyo bado aweza kuruka na kukimbia hatua chache. Lakini kilima alichokipanda mwaka jana bila shida, mwaka huu kinamfanya asimame mara mbili. Usiku hutaka mto wa pili chini ya kichwa. Jioni miguu huvimba. Mleteni upesi.

Kwa ufupi, mtu mzima asiyeweza kukimbia kwa upesi hana ugonjwa kwa sababu hiyo. Lakini mtu anayepungukiwa na pumzi katika kazi aliyoizoea, pasipo sababu inayojulikana, aje tumtazame.

Namna ya kukimbia kwa ajili ya afya

Mwenye kutaka afya atafute pumzi kwanza. Kipimo chake si saa wala kilometa, ni kinywa. Kimbia pamoja na rafiki na mzungumze. Kama unaweza kusema maneno mengi yaliyofuatana, mwendo wako ni mzuri. Kama unaweza kuimba wimbo mzima wa kwaya pasipo kukatika, ongeza kidogo. Na kama unaweza kujibu "ndiyo" na "hapana" tu, punguza, kwa maana umeingia katika moto wa majani. Wanaume ndio wagumu kusadiki neno hili. Wakipitwa na mtoto wa shule barabarani, huongeza mwendo ili waokoe heshima yao, na dakika mbili baadaye wamesimama wameshika kiuno.

Mwanzoni kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, na urudie hivyo kwa nusu saa, siku tatu kwa juma. Baada ya majuma kadhaa dakika za kukimbia zitaongezeka zenyewe. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wafanye walau dakika 150 kwa juma za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 za mazoezi ya nguvu. Lakini mama anayebeba maji na kuni kila siku juu ya kilima amekwisha kupita kipimo hiki. Yeye hahitaji mbio; ahitaji mtu wa kumsaidia mzigo. Maneno haya ni kwa wale wanaokaa dukani, ofisini, au juu ya pikipiki tangu asubuhi.

Mtu akidumu hivyo miezi miwili, moyo wake hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo akiwa amepumzika hupiga taratibu kuliko zamani. Mishipa midogo huongezeka katika misuli. Damu iliyopanda hushuka kidogo, na sukari hutumika vizuri zaidi. Lakini dawa msiziache kwa kuwa mnakimbia, isipokuwa mganga mwenyewe amesema.

Baada ya hapo, mwenye kutaka upesi pia, kama wachezaji wa mpira, aweza kuutafuta mara moja kwa juma. Apashe mwili moto kwanza kwa dakika kumi. Kisha akimbie hatua sitini kwa haraka, lakini si kwa nguvu zote, atembee dakika mbili au tatu, na arudie mara tano au sita. Asifupishe mapumziko, maana ile akiba ndogo huhitaji dakika hizo ili ijae tena. Anayeruka moja kwa moja kutoka kitini mpaka mbio za nguvu, msuli wa nyuma ya paja waweza kupasuka.

Maumivu ya siku ya pili ni jambo la kawaida. Watu wengi hufikiri ni ule ukali uliobaki katika misuli. Siyo: huo huondoka katika saa moja hivi. Maumivu hutoka katika majeraha madogo sana ya nyuzi zilizofanya kazi zisiyoizoea, nayo hupona yenyewe kwa siku chache.

Mwenye homa asikimbie kabisa, hata polepole, mpaka homa imekwisha na hamu ya chakula imerudi. Mwenye ugonjwa wa damu wa SS asifanye mbio za nguvu wala asikae na kiu. Atembee taratibu, anywe maji, na aulize mganga kwanza. Mwenye sukari anayepigwa sindano za insulini ale kabla ya kutoka na achukue sukari mfukoni, maana mbio zaweza kuishusha sukari ya damu ghafula. Na mtu ye yote akisikia kifua kinabanwa anapokimbia, au akizimia, aache mara moja na aje siku ile ile.

Chagueni njia moja na kuipita kila mara, toka mti fulani mpaka daraja fulani, kwa mwendo ule wa kuzungumza. Andikeni katika karatasi tarehe na dakika mlizotumia. Siku ya kurudi kupimwa damu, leteni karatasi hiyo pamoja na kitabu chenu cha hospitali.